Masafa ya Akiba

Tusekile Mwaipaja alikwenda Mufindi kutazama mbio tu. Ndivyo alivyomwambia dada yake alipoaga nyumbani Tukuyu, na ndivyo alivyojiambia mwenyewe njia nzima, huku mguu wake mbovu ukimuuma kwa baridi ya milimani.

Kwa misimu mingi alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha gari la mbio, akimsomea njia Kuldip Sagoo, kijana wa Iringa mjini aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi magari. Kuldip aliendesha, Tusekile alisoma, na watu wa Nyanda za Juu waliwajua wawili hao kama pete na kidole. Kisha ikaja siku ya jiwe. Lilikuwa limejificha kwenye nyasi, mahali ambapo jana yake halikuwepo; gari likabiringika mara nyingi, Kuldip akatoka na michubuko, Tusekile akatolewa na mguu ulioning'inia. Alipomaliza kuuguza mguu alikuta kiti chenyewe hakipo. Chama cha Mbio kilikuwa kimeruhusu magari yapunguzwe uzito, na mahali alipokaa binadamu pakawekwa mtambo mdogo wenye sauti. Waliuita Mwenza.

Hakulia. Alirudi Tukuyu akafungua duka la vipuri, akaacha kabisa kusikiliza mbio. Lakini kisichokufa hakizikwi. Mwaka huu aliposikia kwamba mbio zinapita katikati ya mashamba ya chai, kwenye barabara alizozijua kuliko viganja vyake, alishindwa kujizuia.

Akajipatia nafasi juu ya bwawa, palipo na kona inayoshuka kushoto hadi barabara inapopita juu ya tuta la bwawa. Chini yake chai ilikuwa imetandazwa kama mkeka, na barabara nyekundu ikaikata vipande. Mashabiki walikuwa wengi, na karibu kila mmoja alikuwa na kidude sikioni cha kusikilizia matangazo ya Chama. Tusekile hakukodi. Alikuwa ameshasikia habari za matangazo hayo. Dereva akitukana, yanaingiza kicheko. Injini ikianza kugonga, yanaingiza ngoma. Shabiki anauziwa mbio zisizo na hofu wala makosa.

Mtu mmoja tu pale hakuwa na kidude. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua la njano, ameegemea pikapu ya shamba, na mkononi alishika skana ya zamani ya redio yenye antena ndefu na vitufe vilivyofutika namba.

"Kamwene, dada," alimsalimu kwa Kihehe. Tusekile akaitikia. Mtu yule akajitambulisha kuwa ni Gaudensi Lukosi, msimamizi wa matrekta shambani, na kwa kuwa alimwona mwenzake anaikodolea macho ile skana, akaanza kumweleza bila kuombwa.

Mazungumzo ya gari na timu yake, alisema, yamefungwa kwa kufuli za kidijiti ambazo hata serikali haizifungui. Lakini kanuni za uokoaji zinalazimisha mazungumzo hayohayo yarushwe pia kwenye masafa mengine ya akiba, wazi kabisa, ya mtindo wa kizamani, ili gari likitumbukia korongoni waokoaji wasikie na waweze kumsemesha dereva kofiani. Hakuna anayeyasikiliza kwa sababu hakuna anayemiliki tena chombo cha kuyanasa. "Mimi ninacho," alisema Gaudensi, na furaha ikamjaa usoni. "Hawa wengine wanasikiliza harusi. Mimi nasikiliza mbio."

Akampa spika moja ya sikio, nyingine akabaki nayo.

Kwanza Tusekile alisikia injini, kisha pumzi za Kuldip. Pumzi zile alizijua. Aliwahi kuzisikia msimu baada ya msimu kupitia waya uliounganisha kofia zao. Moyo ukamlainika. Halafu akasikia mwanamke anasoma njia.

"Kulia tatu, inabana, usikate. Mia. Kushoto tano juu ya mwinuko, gesi."

Kona husomwa kwa namba. Moja ni ile ya kugeuka karibu urudi ulikotoka, sita ni ile isiyomtaka dereva hata ainue mguu; mia ni mita za kunyooka hadi kona inayofuata. Mwanamke yule alisoma vizuri, bila haraka, kila neno likiwa limetangulia gari kwa kiasi kilekile. Tusekile alimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Hakuna mtu anayeitambua sauti yake mwenyewe upesi. Alichotambua kwanza ni ile pumzi fupi kabla ya kona mbaya. Ilikuwa pumzi yake. Wameuachia mtambo usio na mapafu uvute pumzi yake.

"Mama huyu ni kiboko," Gaudensi alisema. "Ndiye msoma ramani wake wa zamani, yule aliyeumia. Walitangaza kwamba siku hizi anamsomea kupitia mtambo akiwa Dar es Salaam, kwenye chumba chenye kiyoyozi."

"Mimi ndiye Tusekile Mwaipaja," alisema Tusekile, "na sijawahi kukaa kwenye chumba hicho."

Gaudensi alikivua kile kispika sikioni akakigeuzageuza, kana kwamba kosa lilikuwa la skana. Gari likapita chini yao likirusha tope, na sauti ya Tusekile ikaendelea kulisomea njia hadi ikamezwa na mlima.

*

Timu zilikuwa zimepiga maturubai kwenye uwanja wa mpira wa shamba. Mchana, magari yalipoingia kutengenezwa kabla ya mzunguko wa pili, Tusekile alichechemea hadi kwenye turubai la Kampuni ya Mwenza, ambayo sasa ndiyo timu ya Kuldip, na kumwulizia mkuu wao.

Alitoka mhandisi kijana, Ansila Mtweve, mwenye nywele fupi na macho yaliyokosa usingizi. Alimtambua papo hapo. Uso ukambadilika, lakini adabu haikumtoka.

"Shikamoo, dada Tusekile."

"Marahaba. Sauti yangu inafanya nini ndani ya gari lile?"

Ansila alimkaribisha kiti, akampa maji, na hakuficha kitu. Alimkumbusha kwamba alipokuwa hospitalini alikubali kurekodiwa, siku nyingi mfululizo, asome kila aina ya kona kwa kila aina ya hali, ili sauti itumike kufundishia. Tusekile alisema alikumbuka. Aliambiwa ni ya kufundishia wanafunzi. Ansila akajibu kwamba Mwenza alikuwa mwanafunzi. Alilisema hilo bila dhihaka, kama mtu aliyelirudia mara nyingi mbele ya wanasheria hadi akaliamini.

Kisha akaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Mwanzoni walitumia sauti za kutengeneza, tamu, zisizo za mtu yeyote. Madereva wakawa wanachelewa. Sikio lilisikia, lakini mkono ulisita kidogo sana, na katika mwendo ule kusita kidogo ni kuanguka. Mwili hauitii sauti ngeni. Basi kila dereva akarudishiwa sauti aliyoizoea, na kusita kukaisha. Siku hizi vindege vidogo visivyo na rubani, wanavyoviita kunguru, hutangulia mbele ya gari vikiipima barabara. Mwenza anapokea vipimo, anavisoma. Na timu, ikiwa hapa kwenye turubai, inaweza kupandisha au kushusha uthubutu wake kadiri mbio zinavyodai.

"Uthubutu," Tusekile alirudia.

"Kama jiko la gesi, dada. Unapandisha moto, unapunguza."

Tusekile alimwambia ausimamishe mtambo ule. Alisema msoma ramani si sauti. Msoma ramani ni mtu aliyefungwa mkanda kwenye kiti, ambaye akikosea naye anavunjika. Ndiyo maana dereva humwamini bila kugeuza shingo: anajua kwamba anayemwambia "gesi" anaingia naye kwenye hiyo kona.

"Tangu Mwenza aanze kusoma," alisema Ansila, "hakuna dereva wetu aliyevunjika hata kidole. Wewe na Kuldip mlibiringika, na aliyekuwa anasoma ni wewe. Sisemi kukuumiza. Ukinionyesha njia inayoua watu wachache kuliko hii, nitaifuata."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Alizidi kukasirika. Aliomba amwone Kuldip. Akaambiwa amepumzika, haruhusiwi kusumbuliwa kabla ya mzunguko. Vijana wawili wa usalama wakamsindikiza hadi nje kwa upole, chupa ya maji ikiwa bado mkononi mwake.

Alipogeuka mara ya mwisho alimwona Kuldip amesimama nyuma ya gari, ameshavaa kofia ngumu. Walitazamana. Tusekile akainua mkono. Kuldip akageukia upande mwingine akajifanya anakagua tairi.

*

Ukungu wa Mufindi hauombi ruhusa. Gaudensi alikuwa ameingiza pikapu kando ya ua la chai, wakakaa ndani wawili, skana ikiwa juu ya dashibodi pembeni ya redio ya upepo ya shamba, ile anayoitumia kuwaita madereva wa matrekta. Nje hapakuonekana kitu zaidi ya safu ya pili ya majani. Tusekile alikuwa amemsimulia yote. Gaudensi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema kwamba trekta nalo wamelitia akili siku hizi, na tangu hapo hakuna aliyekatwa na panga la mashine ya kuchumia chai, ila yeye bado hulala vibaya. Hakujua kwa nini.

Magari yakaachiwa moja moja. Kuldip aliongoza jumla ya mbio, lakini kwa tofauti ndogo, na aliyemfuatia alikuwa na gari jepesi zaidi. Kwenye skana walimsikia Ansila akimwambia msaidizi wake apandishe uthubutu. Mwenza akaanza kusoma kona za nne kama tano.

Kisha msaidizi akasema, "Kunguru hawaoni. Wote."

"Ajaze," alijibu Ansila.

Tusekile aliuliza kwa macho, na Gaudensi, ambaye alikuwa amewasikiliza watu hao mbio nyingi na leo ndipo alipowaelewa, akamweleza. Kunguru wakipofuka, Mwenza huchukua barabara ya asubuhi, hudhani haikubadilika, na huisoma kama anaiona. Dereva haambiwi, na maneno ya turubai hayaingizwi kofiani mwake. Wanaona kumwambia ni kumtia wasiwasi, na wasiwasi unachelewesha mkono.

"Kwa sauti ileile?"

"Ileile. Mimi mwenyewe huwa sijui ni saa ngapi anaona na ni saa ngapi anabahatisha."

Walikuwa bado katika mazungumzo hayo msimamizi wa kituo cha tutani alipoingia hewani, akitweta. Alisema ukingo wa barabara kwenye tuta la bwawa unaporomoka upande wa maji. Gari lililopita limemega kipande kingine. Aliomba mbio zisimamishwe. Makao ya mbio yakamwambia asubiri, yakamwuliza Ansila kama gari lake linaweza kupita. Ansila aliomba vipimo, akapewa alivyoviona msimamizi kwa macho, akafikiri. Upande wa ndani unatosha gari moja, alisema. Mwenza ataliweka ndani. Liendelee.

"Watasimamisha tu," alisema Gaudensi.

Hawakusimamisha.

Tusekile aliitazama redio ya upepo. Gaudensi aliona anakotazama. Bila kuulizwa alisema kwamba ndiyo, inafika kwenye masafa yale. Mwaka jana aliyaingilia kwa bahati mbaya akitafuta trekta lililopotea, akaonywa kwa maandishi kwamba kuyaingilia gari likiwa mwendoni ni jela, kwa sababu neno moja lisilo mahali pake linaweza kuua.

Tusekile alijua hivyo kuliko walioandika onyo. Aliwahi kumwona Kuldip mikono imemkauka kwenye usukani kwa sababu redio ya polisi iliropoka namba katikati ya kona. Sasa yeye anataka kumwekea sikioni wanawake wawili wenye koo moja. Ni yupi atakayemtii? Akimchanganya, atamtosa bwawani kwa mdomo wake, mdomo wake halisi, na hatakuwa na wa kumsingizia. Akinyamaza, labda upande wa ndani utatosha kweli. Ansila si mjinga, wala si muuaji. Labda gari litapita, watu watapiga vigelegele, naye atarudi Tukuyu kuuza vipuri.

Kwenye skana ile sauti ikavuta pumzi yake fupi. Gari lilikuwa kona mbili kabla ya tuta.

"Kulia nne, safi. Mia mbili. Kushoto nne kuingia tuta, safi, kaa ndani, gesi."

Safi. Hilo ndilo lililomwinua. Hajawahi, katika maisha yake yote ya kusoma njia, kusema "safi" juu ya mahali asipopaona.

"Nipe hiyo redio," alisema. "Nitasema nilikunyang'anya."

"Usiseme hivyo," alijibu Gaudensi, na tayari mkono wake ulikuwa unageuza kitufe cha masafa. "Anayegeuza ni mimi."

Akampa kipaza sauti. Tusekile akakibonyeza, na hapo ndipo akagundua kwamba hana la kusema. Amri yoyote atakayotoa, Mwenza anaweza kuitangua kwa sauti hiyohiyo. Akisema punguza, ile nyingine itasema gesi. Akakumbuka siku za hospitali: kila aliposema neno moja fulani fundi wa kurekodi alisimamisha, akamwomba arudie sentensi bila neno hilo, akamwambia halina matumizi. Hilo hawakulichukua. Hilo lilibaki lake.

"Kuldi," alisema. "Sijui kilichoko mbele. Sijui."

"Kushoto nne kuingia tuta," Mwenza akasoma juu yake, "safi, gesi."

"Sijui, Kuldi. Simama."

Kwa muda ambao hakuna moyo unaopenda kuukumbuka, hapakuwa na kitu ila injini. Kisha breki zikalia, changarawe zikamwagika chini ya gari, injini ikakohoa ikazima. Sasa waliweza kusikia matone ya ukungu yakidondoka juu ya bati la gari lake.

"Nani anayeniongelesha?" aliuliza Kuldip.

"Mimi. Niko juu ya bwawa."

"Umesimama," alisema Mwenza kwa utulivu. "Endelea. Kushoto nne, safi." Ikasikika swichi ikibanwa ndani ya gari, na sauti ile ikakatika katikati ya neno.

Gari lililokuwa la pili lilitokea kwenye ukungu likamkwepa Kuldip. Waliliona kidogo tu lilipopita chini yao, taa mbili za njano. Walilisikia likiingia tutani, limebana upande wa ndani kabisa, magurudumu mawili yakipondaponda chai. Tusekile alishika mlango wa pikapu. Likapita. Likapanda upande wa pili, likaenda zake, na kwenye vidude vya mashabiki walio karibu zikasikika ngoma za ushindi.

"Limepita," alisema Gaudensi taratibu.

"Nimesikia," alisema Tusekile.

*

Viongozi wa Chama walimhoji Tusekile katika ukumbi wa klabu ya shamba, mezani palipokuwa na sufuria kubwa ya chai ambayo hakuna aliyeimimina. Mwenyekiti wa Chama, Bwana Evaristi Komba, alisema kwa sauti ya masikitiko kwamba amemheshimu dada Tusekile tangu enzi zake, lakini alichofanya ni kosa la jinai, na polisi kutoka Mafinga wamekwisha kufika. Timu imepoteza ushindi. Barabara ilipitika, kila mtu ameona. Gaudensi alikuwa ameshahojiwa. Alisema kitufe aligeuza yeye, kwa akili timamu, na meneja wake wa shamba akamwambia watazungumza Jumatatu.

Kuldip alikuwa amekaa mwisho wa meza, nguo zikiwa bado na tope. Alipoombwa aseme kama Tusekile alimhatarisha kwa kuingilia masafa, alinyanyuka, lakini hakumjibu mwenyekiti. Alimgeukia Tusekile.

"Nilijua si wewe, dada Tuse," alisema. "Tangu siku ya kwanza."



Alieleza huku akiitazama mikono yake. Walimjaribisha kila sauti, hata ya mke wake. Mikono haikuitii yoyote. Alikuwa amekwisha kuwa dereva wa zamani kabla ya kuzeeka. Wakamletea ile, na katika kona ya kwanza tu mwili ukarudi. Alijua ni mtambo. Alijua pia kwamba umepunguziwa kitu, kwa sababu Tusekile halisi alikuwa akimkatalia kona nyingi. Ile haikukataa.

"Ungeniuliza," alisema Tusekile.

"Ungekataa."

"Ndiyo."

Kuldip akacheka kidogo bila furaha. "Leo nami ningepita. Kama alivyopita mwenzangu."

"Labda."

"Na msimu wote ungekuwa wangu."

"Labda, Kuldi. Sikatai." Tusekile alisimama, akajishika ukingoni mwa meza kwa sababu ya mguu. "Kufa au kupona ni shauri lako. Gari ni lako na barabara umeichagua. Lakini hutakufa kwa sauti yangu huku mimi nimekaa kwenye majani ya chai nasikiliza. Hilo sitalikubali hata kama utapita kwenye kila tuta la nchi hii mpaka uote mvi."

Kuldip akaketi.

Bwana Komba alikohoa, akasema kuna njia ya kuyamaliza kwa amani. Mashabiki wamechanganyikiwa, wapo waliosikia uvumi kwamba wasoma njia si watu. Dada Tusekile akisimama uwanjani aombe radhi, aseme alikuwa Dar es Salaam kikazi hadi juzi na leo alipatwa na jazba, Chama kitazungumza na polisi. Na Gaudensi atarudi kwenye matrekta yake.

Hapo Tusekile alimtazama Gaudensi, aliyesimama mlangoni na koti lake la njano. Hilo lilikuwa zito kuliko jela. Gaudensi naye alimtazama, kisha polepole akatikisa kichwa kukataa.

Ansila naye alikuwa mezani. Sasa alisogea karibu na sikio la Tusekile, na sauti yake haikuwa ya vitisho. "Tangazo litatoka kwa sauti yako hata hivyo, dada. Limekwisha kuandaliwa. Afadhali useme mwenyewe, yaishe."

Tusekile alihitaji muda kidogo kulielewa hilo. Alipolielewa, hofu yote ikamwondoka.

"Basi uambieni mtambo uombe radhi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi siombi."

*

Uwanjani watu walikuwa wamejaa kusubiri zawadi. Ukungu ulikuwa umeinuka, na jua la alasiri likawaka juu ya chai iliyolowa. Koplo wa polisi, Nyenza kwa jina, mtu mzima asiyependa makelele, alimwongoza Tusekile kupitia pembeni hadi kwenye pikapu ya polisi, akamsaidia kupanda nyuma. Hakumfunga pingu. Alimwonyesha benchi.

Spika za uwanja zikakwaruza, na sauti ya Tusekile ikatoka pande zote.

"Mimi, Tusekile Mwaipaja, naomba radhi kwa mashabiki, kwa Chama cha Mbio, na kwa dereva wangu Kuldip Sagoo..."

Ilikuwa sauti nzuri. Ilitetemeka mahali panapostahili. Tusekile, aliyekuwa ameanza kuinama akae, akanyooka.

"Kaa, mama, tunaondoka," alisema koplo.

"Nitakaa ikimaliza."

Alishika bomba la turubai kwa mikono miwili, akageukia uwanja. Alisimama pale juu, kifua kikiwa juu ya vichwa vya watu wote, midomo imefumba. Wa kwanza kumwona walikuwa wauza mahindi waliokuwa karibu na gari. Mmoja akaitazama spika, akamtazama yeye, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Kisha wakageuka wa mbele yao, na wa mbele yao tena. Watu walivua vile vidude masikioni wakavishika mkononi. Sauti iliendelea kueleza jinsi ilivyopatwa na jazba, jinsi inavyouheshimu mchezo, na kadiri ilivyoeleza ndivyo uwanja ulivyozidi kunyamaza, hadi hata watu wa jukwaa la zawadi wakageuka kuona wenzao wanatazama nini. Ansila alikuwa miongoni mwao. Aliweka mkono mdomoni.

Mguu ulimuuma Tusekile hadi machozi yakamlenga. Hakukaa. Dereva wa polisi aliwasha gari. Koplo akampigia bati kwa kiganja, azime.

Kuldip alisukuma watu hadi akafika chini ya pikapu. "Shuka ukae, dada Tuse," alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha. Wameona."

"Haijamaliza."

Basi naye akasimama palepale, mgongo kwa gari, uso kwa watu, mikono pembeni. Wakasikiliza pamoja hadi neno la mwisho.

Spika ziliponyamaza, Tusekile alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa imekauka kwa baridi, ndogo kuliko ile ya spika, na haikufika mbali.

"Sikuyasema hayo mimi," alisema. "Na nikiusikia tena unasoma usichokiona, nitaukatiza tena."

Waliokuwa nyuma wakauliza kasemaje. Waliokuwa mbele wakawaambia, na hao wakawaambia walio nyuma yao, na maneno yale yakatembea uwanja mzima, kinywa hadi kinywa, mpaka yakafika kwa wale waliokaa juu ya ua la chai upande wa pili. Tusekile alingoja hadi alipowaona nao wameyapata.

Kisha akakaa kwenye benchi, akaunyoosha mguu wake.

"Haya, koplo," alisema. "Twende."